Kabureta Huchafuka Injini Ikilala

Kiangazi kinapoingia katika miteremko ya mashariki na kusini-mashariki mwa Mlima Kenya, pampu za maji hutolewa stoo. Ni pampu za petroli za nguvu farasi tano au sita hivi, Honda za jamii ya GX na zile za Kichina zilizoigwa kutokana nazo, na kazi yake ni kuvuta maji ya Thuci, Rupingazi, Ena au Kathita hadi kwenye mishiri (maharagwe mabichi ya kuuza nje), nyanya, ndizi na muguka. Kamba huvutwa mpaka mkono uume, choki hufungwa na kufunguliwa, plagi hung'olewa na kukaushwa. Injini ikikubali, huwaka kwa choki tu, na choki ikifunguliwa huzimika. Fundi huitwa, hufungua kabureta, hupuliza, hukwangua, hufunga, hulipwa. Mwenye pampu hubaki akiamini mambo mawili: kwamba petroli ya siku hizi ni mbovu, na kwamba kazi nyingi ya msimu uliopita ndiyo iliyoichosha mashine. La pili ni kinyume cha ukweli, na la kwanza ni nusu yake tu. Kazi haiichafui sana kabureta ya injini ndogo. Huichafua mapumziko, na Meru na Embu zina kalenda ya mvua inayoilaza pampu mara mbili kila mwaka.

Hoja hii inadai kwanza tuingie ndani ya chombo chenyewe. Kabureta aliyoitengeneza Mjerumani Wilhelm Maybach mwaka 1893, yenye floti na mdomo wa kunyunyiza, haitofautiani sana kwa kanuni na ile iliyofungwa kwenye pampu ya leo. Petroli hushuka kutoka tangi hadi bakuli dogo. Floti hupanda nayo, na bakuli likijaa, sindano iliyo chini ya amri ya floti hufunga njia. Juu ya bakuli kuna koo la hewa lililobanwa katikati. Hewa inapopita pale penye upana mdogo hukimbia zaidi, shinikizo lake hushuka, na petroli huvutwa kutoka bakulini kupitia jeti mbili za shaba: jeti kubwa, inayoilisha injini ikiwa kazini, na jeti ndogo, inayoilisha ikiwa imeachiwa ingurume polepole. Kwa injini za ukubwa huu tundu la jeti kubwa huwa na upana wa karibu milimita 0.7, na la jeti ndogo karibu nusu ya hapo. Anayesema kabureta imejaa uchafu huwazia mchanga na matope, lakini kwa matundu ya kipimo hiki uchafu hauhitaji hata kuonekana. Tuchukue tabaka la ulimbo lenye unene wa milimita 0.05, ambao ni kama unene wa unywele. Likijipaka kuzunguka tundu la milimita 0.7, hubaki 0.6, na eneo la kupitisha petroli hupungua kwa zaidi ya robo. Likijipaka ndani ya tundu la milimita 0.35, eneo hupungua kwa karibu nusu. Uchafu ni ule ule, ila jeti ndogo imeumia mara mbili. Hii ndiyo sababu dalili ya kwanza si pampu kukosa nguvu. Dalili ya kwanza ni pampu kukataa kuwaka bila choki na kuzimika mara inapopunguzwa mwendo, huku ikiwa katika kasi ya juu inavuta maji kama kawaida. Mkulima anayeiendesha kwa kasi moja tangu asubuhi hadi jioni anaweza kukaa msimu mzima bila kujua kwamba jeti ndogo imekwisha kufa. Fundi mwenye haraka naye huizungusha skrubu ya mwendo hadi injini iache kuzimika, na ugonjwa ukafichwa kwa kelele.

Ulimbo huo hutoka ndani ya petroli yenyewe. Petroli ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali zenye uzito tofauti. Nyepesi, zinazoiwezesha injini baridi kuwaka, huruka kwanza. Nzito hubaki, na baadhi yake hujiunga na oksijeni ya hewa taratibu mpaka zikawa kitu cha kunata, na hatimaye vanishi ngumu ya rangi ya chai ya rangi. Kinachotakiwa ni hewa, joto na muda. Bakuli la kabureta lina vyote. Lina kitundu cha kupumua, kwa kuwa bila hicho petroli isingeshuka. Limekaa kando ya silinda ambayo hubaki na joto baada ya kuzimwa. Na lina petroli kidogo mno, hivyo kila tone liko karibu na hewa. Lita tatu zilizo tangini na kikombe kimoja kilicho bakulini havizeeki kwa mwendo mmoja. Kuna jambo la nne ambalo halitajwi sana, nalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Koki ya petroli ikiachwa wazi, kila kiasi kinachoruka kutoka bakulini huishusha floti kidogo, sindano hufunguka, na petroli mpya huteremka kuziba pengo. Nayo huacha masazo yake na kuruka. Ndivyo mabwawa ya chumvi ya Gongoni, kaskazini mwa Malindi, yanavyofanya kazi: maji ya bahari huingizwa tena na tena, jua huyachukua, chumvi hubaki. Koki iliyofungwa hulipa bakuli masazo ya kikombe kimoja. Koki iliyoachwa wazi inaweza kulipa masazo ya tangi zima.

Sasa tuiweke kemia hii juu ya kalenda. Mvua ndefu hunyesha Machi hadi Mei, mvua fupi Oktoba hadi Desemba, na upande huu wa mlima zile zinazoitwa fupi mara nyingi ndizo zinazoaminika zaidi, hasa huko chini Mbeere na Tharaka. Pampu hufanya kazi Januari na Februari, kisha hulala. Huamka Juni au Julai, hufanya kazi hadi Septemba, kisha hulala tena. Kila usingizi ni wa miezi mitatu au zaidi. Vitabu vya maelekezo vya injini za GX huhesabu siku 30 kuwa mpaka: chini ya hapo injini haihitaji matayarisho, zaidi ya hapo petroli inahitaji kushughulikiwa. Kwa hiyo mkulima wa Runyenjes au Mikinduri huuvuka mpaka huo mara mbili kwa mwaka, wala si kwa uzembe. Mbingu zimempa sababu nzuri ya kutoigusa mashine. Mwenzake wa nchi zenye baridi kali huilaza mashine ya kukatia nyasi mara moja, wakati wa majira ya baridi, na huko kuitayarisha kwa usingizi huo ni desturi inayojulikana, kwa kuwa majira yenyewe hutangaza mwisho wa kazi. Kwetu hakuna tangazo. Mvua hufika usiku mmoja, pampu ikiwa bado kando ya mto na tangi nusu, na kesho yake kuna kupanda mahindi na maharagwe.

Pingamizi la kwanza na kubwa ni la mafuta machafu. Wakenya wana haki ya kushuku. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika dizeli na petroli ulikuwa umekithiri kiasi kwamba mwezi Septemba 2018 serikali ilianza kutoza ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake isiwe tena kishawishi, na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, huendelea kupima vituo ikitafuta viashiria vya mchanganyiko. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hudhuru kweli: huwaka kwa shida injini ikiwa baridi, hutoa moshi, hugonga, na sehemu isiyoungua huteremka kuipunguza oili nguvu. Lakini kuziba jeti kwa ulimbo si tabia yake. Mafuta ya taa hukaa ndani ya chemli miezi kadhaa bila kugeuka gundi. Yanaacha utepe wa mafuta, hayaachi vanishi ngumu. Ushahidi mkubwa zaidi uko barabarani. Boda boda, nyingi zikiwa Boxer na TVS zenye kabureta, hununua petroli kwenye vituo vile vile vya Embu, Nkubu na Maua, na mara nyingine kwenye chupa zile zile za kando ya barabara. Pikipiki ya namna hiyo ikila mililita 13 hivi kwa dakika, bakuli lake hujazwa upya kila dakika mbili au tatu. Petroli haipati nafasi ya kuzeeka humo. Kabureta ya boda boda huharibika, ndiyo, lakini kwa magonjwa mengine: sindano iliyolika, mpira uliopasuka, filta iliyotolewa ili pikipiki ivume vizuri. Chukua sasa pikipiki hiyo hiyo, yenye mafuta yale yale, uiache miezi mitatu kwenye yadi ya kituo cha polisi. Mwenyewe akishalipa faini na kuikomboa, atakuta dalili zile zile za pampu iliyotoka stoo. Kilichobadilika ni muda, si kituo cha mafuta.

Sisemi ubora wa mafuta hauna maana yoyote. Petroli iliyokaa muda mrefu kwenye ghala, kisha kwenye kituo chenye wateja wachache, kisha kwenye jerikeni la mkulima, huingia bakulini ikiwa na umri tayari, na usingizi wa miezi mitatu huimalizia. Jerikeni huchangia kuliko watu wanavyodhani. Bei za mafuta Kenya hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, na tangu petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita mwezi Septemba 2023, ni jambo la busara machoni pa wengi kujaza mtungi kabla ya bei kupanda. Akiba hiyo ya shilingi chache kwa lita hugeuka hasara kama mtungi utakaa hadi msimu ujao, na zaidi kama ni chupa angavu iliyoachwa juani, kwa kuwa mwanga huharakisha kuharibika. Kuna pia onyo la spiriti, ambalo wasomaji wa mtandaoni hulikuta mara kwa mara. Linatoka hasa Marekani, ambako petroli nyingi ina spiriti asilimia 10, na spiriti huvuta maji kutoka hewani. Kenya ilijaribu mchanganyiko wa namna hiyo miaka ya 1980, kwa spiriti ya mabaki ya miwa kutoka Muhoroni, kisha ikauacha. Mkulima wa Siakago anayetafuta mchawi wake kwenye spiriti anatafuta kwenye kijiji kingine.

Maji yenyewe, hata hivyo, ni tatizo la kweli, nalo pia huja wakati wa kulala. Tangi likiachwa nusu, hewa yenye unyevu huingia mchana. Usiku chuma hupoa na unyevu huo hutona matone. Katika ukanda wa chai na kahawa, ambako usiku wa Julai ni wa baridi na ukungu, jambo hili hutokea kwa urahisi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo huteremka hadi mahali pa chini kabisa, yaani sakafu ya bakuli, pale pale penye mdomo wa jeti kubwa. Huko huila aloi ya kabureta na kuacha unga mweupe ambao hakuna petroli itakayouyeyusha. Ulimbo unaweza kulainishwa kwa dawa. Unga huu ni kidonda, na bakuli lililokwisha kuliwa halirudi kuwa laini. Vumbi nalo? Udongo mwekundu wa Mbeere huingia kila mahali, lakini njia yake ni filta ya hewa, na filta iliyooshwa na kurudishwa mahali pake huukomesha. Vumbi huziba vijitundu vya hewa vilivyo mdomoni mwa koo, huila sindano, na likipita huikwangua silinda. Ni adui mkubwa wa injini. Kwa kabureta ni adui wa pili.

Meru na Embu zina upekee mwingine unaolifanya suala hili liwe gumu kulisoma: urefu kutoka usawa wa bahari. Kutoka bwawa la Kiambere, lililo karibu mita 700, hadi mashamba ya viazi ya Timau, zaidi ya mita 2,200, ni mlima mmoja na masoko yanayoingiliana, na pampu iliyonunuliwa Embu mjini inaweza kuishia popote kati ya hapo. Hewa ya mita 2,000 ina uzani wa karibu asilimia 82 ya hewa ya Mombasa. Kabureta ya jeti isiyobadilika haijui hilo. Inaendelea kutoa petroli karibu kama ilivyokuwa ikitoa pwani, na mchanganyiko huwa na petroli nyingi kupita kiasi kwa kama asilimia 10. Plagi huwa nyeusi, moshi huongezeka, mafuta huliwa. Honda yenyewe inashauri injini za GX zinazotumika daima juu ya mita 1,500 zibadilishiwe jeti, na inaonya kwamba hata baada ya hapo nguvu hupungua kwa karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda. Mji wa Meru wenyewe uko hapo hapo kwenye mpaka. Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo. Huku juu jeti kubwa iliyoanza kuziba huweza kuiponya injini kwa muda, kwa kuwa inapunguza petroli iliyokuwa imezidi. Ulimbo hufanya kazi ya fundi. Mwenye pampu wa Timau huuona msimu huo kuwa mzuri, mpaka siku kuziba kunapopita kiasi na pampu ikakata nguvu mzigo ukiwa juu ya kilima. Yule wa Kiambere, aliye chini, huonywa mapema. Kwa hiyo kauli ya "yangu haijawahi kunisumbua" inayotoka juu mlimani haina uzito sawa na ile inayotoka bondeni.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi ambalo mafundi hulitoa kwa kujiamini: kabureta ikiziba husafishwa, kazi ya nusu saa, na ikishindikana hununuliwa nyingine ya kuiga kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya pampu. Kwa nini mtu ajisumbue kukinga kitu rahisi kutibu? Jibu la kwanza ni kwamba tiba yenyewe, jinsi inavyofanywa mara nyingi, huongeza ugonjwa. Jeti ni ya shaba laini, na chombo cha kuzibulia kilicho karibu ni waya wa chuma uliotolewa kwenye kebo ya breki. Waya huo hautofautishi kati ya ulimbo na shaba. Ukilipanua tundu la milimita 0.7 hadi 0.75, petroli huongezeka kwa asilimia 15; ukilipanua la 0.35 hadi 0.40, huongezeka kwa asilimia 30. Yaani kwenye mlima ambako mchanganyiko tayari umezidi petroli, usafishaji umeuzidisha tena, na hakuna atakayejua, maana jeti iliyopanuliwa haionekani kwa macho na injini huwaka bila taabu. Mkulima huona tu kwamba tangi linakwisha mapema. Fundi mwangalifu huloweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, huipuliza kwa kompresa, huiinua kwenye mwanga aone duara, na akilazimika kupitisha kitu hutumia uzi mmoja wa waya wa umeme wa shaba, ulio laini na mwembamba kuliko tundu. Hukumbuka pia jeti ndogo na vijitundu vya bomba la kati linalopandisha petroli kooni, ambavyo vinasahaulika kwa sababu haviko mbele ya macho. Mafundi wa namna hiyo wapo, wengine wamepita kwenye vyuo kama Nkabune au Jeremiah Nyagah, wengine wamejifunza kivulini tu na wana mikono bora. Lakini mteja hana njia ya kuwatofautisha siku ya haraka.

Jibu la pili ni la wakati. Gharama ya kabureta iliyoziba haipimwi kwa malipo ya fundi. Hugundulika siku ya kwanza ya uhitaji, na siku hiyo pampu zote za tarafa zimetoka stoo pamoja, zikiwa zimelala miezi ile ile kwa sababu ile ile, na foleni ya fundi ni ndefu. Mishiri iliyoanza kutoa maua haingoji foleni, na mnunuzi wa mboga za kwenda Ulaya hapokei maganda yaliyojikunja. Ukosefu wa maji siku tatu wakati huo hauna fidia baadaye. Ingekuwa kabureta huziba katikati ya msimu, kwa nasibu, leo huyu kesho yule, ningekubaliana na mafundi kwamba tiba inatosha.

Kinga yenyewe ni ndogo kiasi cha kutia aibu. Jioni ya kazi, koki hufungwa kwanza na injini huachwa imalize petroli iliyo bakulini mpaka izimike yenyewe. Mapumziko yakitarajiwa kupita wiki chache, boliti ya chini ya bakuli hulegezwa ili kilichobaki kitoke, kwa sababu injini hukata pumzi kabla bakuli halijakauka kabisa na tone la mwisho ndilo lenye masazo mengi. Petroli ya tangi huhamishiwa kwenye pikipiki ya nyumbani au ya jirani, ambako itakwisha siku mbili. Wapo wanaoona kumwaga petroli ya bakuli ni ufujaji. Hata tukikadiria bakuli lina mililita 60, kwa bei ya shilingi 200 hizo ni shilingi 12, na zaweza kukingwa kwenye kikopo na kurudishwa. Msumeno wa injini, ule ambao kila mtu huuita pawaso, una sheria yake. Kabureta yake haina bakuli wala floti, kwa kuwa lazima ifanye kazi ikiwa imelazwa au kugeuzwa. Badala yake ina utando mwembamba unaopiga kama mapafu, na kijiwavu kidogo cha kuchuja. Petroli yake imechanganywa na oili, kawaida sehemu 50 kwa moja ikiwa oili ni ya Stihl na 25 kwa moja ikiwa ni ya kawaida, na petroli ikiruka oili hubaki pale pale ikiunatisha utando. Mpasuaji wa mbao za mgrevilea hupata kazi kwa vipindi, wiki nzima ya kelele na kisha mwezi wa kimya, kwa hiyo mpaka wa siku 30 humkuta mara nyingi kuliko mkulima. Kwake dawa ni kumwaga tangi na kuiendesha injini mpaka ife yenyewe, kama Stihl wanavyoagiza.

Kama kinga ni rahisi hivi, mbona haifanywi? Kusema watu ni wazembe ni jibu la mvivu. Sehemu kubwa ya pampu hizi haiendeshwi na wenyewe. Hukodishwa kwa siku, au ni mali ya kikundi kilichochanga, na petroli huletwa na anayekodi. Anayekodi hana sababu ya kujali miezi ijayo. Jioni hurudisha pampu na kwenda zake, na kama kuna petroli iliyobaki tangini ataitaka. Mwenye pampu huipokea gizani. Ni kweli kwamba pampu ya kukodishwa hulala kidogo kuliko ya mtu mmoja, kwa kuwa huhama shamba hadi shamba, na hilo huikinga msimuni. Lakini mvua ikinyesha wakodi wote hupotea siku moja. Katika kikundi ni vigumu zaidi: mweka hazina ana daftari, mwenyekiti ana ufunguo wa stoo, na hakuna aliyepewa boliti ya bakuli. Kukabidhi kazi hiyo kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina, pamoja na ufunguo, kungeondoa lawama nyingi kuliko mafunzo yoyote ya ufundi.

Kuna pia wanaouliza, kwa haki, itajulikanaje kwamba msimu umekwisha. Mvua za Oktoba hadi Desemba zilishindwa mwaka 2020, zikashindwa 2021, zikashindwa tena 2022, na wengi waliodhani pampu imemaliza kazi waliirudisha mtoni. Ndiyo maana tegemeo liwe kwenye koki ya kila jioni, ambayo haihitaji utabiri. Anayeifunga kila siku hana haja ya kujua siku ya mwisho ni ipi; ikija bila kubisha, itakuta bakuli tayari karibu tupu.

Limebaki swali la kama haya yote hayapitwi na wakati. Mitunguu, Imenti Kusini, maji ya umwagiliaji hushuka kwa mteremko wenyewe bila injini, na hakuna kabureta safi kuliko ile isiyokuwapo. Pampu za sola zinashuka bei, pikipiki za umeme zimeonekana mijini, na magari ya petroli yaliiacha kabureta zamani. Lakini maji ya kushuka yanahitaji chanzo kilicho juu ya shamba, na mashamba mengi ya kando ya Thuci na Ena yako juu ya mto. Sola inayoweza kuinua maji mengi kwenye kingo hizo ndefu bado ni uwekezaji mkubwa kwa mwenye nusu ekari, na pawaso ya jua haijafika msituni. Injini ya nguvu farasi tano itaendelea kuuzwa kwa miaka, ikiwa ndani ya katoni pamoja na kitabu cha Kiingereza chenye ukurasa wa kuhifadhi ambao hausomwi. Muuzaji wa Maua au Embu anayechoka kurudishiwa pampu zilizouzwa mpya miezi sita iliyopita anaweza kuionyesha ile boliti kaunta, kabla hajapokea pesa. Kwa kawaida ni spana namba 10.